SOMO: Kupima msitu unaorejeshwa kwa droni (soma kabla ya kuniuliza)

Wiki hii watu sita wameniuliza jambo lile lile: nirushe vipi nijue miti yangu inakua? Naandika mara moja tu.

1. Kibali. Sajili droni KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), upate ruhusa ya kurusha, na mwenye msitu, mara nyingi KFS (shirika la misitu), akubali kwa maandishi. Nairobi ina viwanja vya ndege vya Wilson, JKIA na Eastleigh. Anga yake si ya kuchezea.

2. Droni yoyote yenye kamera safi na inayoweza kufuata mistari uliyoipanga inatosha.

3. Rusha mita 60 hadi 80 juu ya vilele vya miti, picha zipandane asilimia 80 kwa mbele na 75 ubavuni. Usipunguze: upepo ukitikisa majani, programu ya kuunga picha kuwa ramani hukosa cha kulinganisha.

4. Mwanga. Wengi hungoja jua. Mimi napenda Julai, Nairobi ikiwa imejifunika mawingu na vivuli hakuna. Mwaka ujao rudi mwezi ule ule.

5. Alama za ardhini, yaani sehemu zenye kimo kinachojulikana ambazo ramani hufungwa kwazo. Hapa ndipo nilipoaibika. Mwaka wa kwanza nilirusha bila alama, nikaiamini GPS ya droni. Mwaka wa pili nikarusha tena, nikalinganisha ramani mbili, na miche yangu ya mihugu ikaonekana imezama ardhini mita tatu. Wafadhili wameketi, ramani iko ukutani. GPS ya kawaida hukosea kimo kwa mita kadhaa, yaani kosa lilikuwa refu kuliko mche. Sasa tuna vigingi vitano vya zege vyenye msalaba mweupe, na mpima ardhi alivipima kwa kipokezi cha RTK (GPS ya usahihi wa juu), ambacho hukosea sentimita chache tu. ONYO: usivipange vyote kando ya njia kwa sababu miguu inauma. Tawanya hadi pembeni, na kimoja kiwe chini kabisa bondeni. ONYO tena: usipake rangi mawe ya kubebeka. Langu moja nililikuta limekuwa figa, sufuria iko juu. Pia ongeza picha chache kamera ikitazama kwa mshazari. Ukipiga za kutazama chini wima tu, ramani inaweza kubenuka katikati kama kawa.

6. Unga picha kuwa ramani kwa OpenDroneMap, kisha zifungue ramani kwa QGIS. Zote bure. Kimo cha vilele toa kimo cha ardhi, unabaki na urefu wa miti.

7. Shuka utembee. Lantana, kichaka vamizi, ikionekana kutoka juu inapendeza kuliko muhugu, na programu itaihesabu bila haya. Mche wa kufika gotini ukiwa ndani ya nyasi, droni haiuoni. Pima viwanja vya mita 20 kwa 20, hesabu kwa mkono.

MASWALI

Kamanda_Ruaka: Droni gani nzuri?
— Hatua ya 2.

Kamanda_Ruaka: Yangu ni ndogo sana. Jumapili naweza kurusha msitu wa Karura bila kibali?
— Hatua ya 1. Udogo si kibali.

Mpima_Mtaa: Vigingi vya zege ni gharama za bure. Mimi hulinganisha kwa macho na mambo yako sawa.
— Nami nilikuwa sawa, mpaka siku ya wafadhili.

Kipepeo: Mwalimu, samahani kama ni swali la kijinga. Vilele vikishafungana, hicho kimo cha ardhi kinatoka wapi?
— Si la kijinga hata kidogo, ndilo nililosahau kuandika. Kamera haioni chini ya majani. Kwa hiyo rusha mara ya kwanza kabla ya kupanda, au miche ikiwa bado michanga, uitunze ramani hiyo ya ardhi kama hati ya shamba. Miaka yote inayofuata unatoa kimo kwenye hiyo hiyo. Kama msitu umeshafungana, utahitaji kifaa cha laiza (LiDAR), ambacho baadhi ya miale yake hupenya kati ya majani. Ni ghali; tafuteni kikundi jirani mchangie siku moja. Kama mlikata mikaratusi na bado hamjapanda, rusheni wiki hii!

Kipepeo: Tumekata mwezi uliopita! Asante sana.

Fundi_wa_Ruai: Nje ya mada: mwewe wanaifukuza yangu kila mara.
— Usishuke, panda juu kwa kasi. Kupanda wima kwa kasi hiyo kunawashinda. Wakirudi, tua na ungoje.

Nyuki_Mkali: Wangu ni korongo wa jalalani. Hafukuzi. Anaitazama tu.