Unashuka Dar na unataka kutoka usiku? Yapange haya mchana

Mgeni akifika Dar es Salaam, swali lake kwa mwenyeji huwa moja: wikiendi hii tunaenda wapi? Mimi nashuka kutoka Iringa kufuata mzigo wa nguo Kariakoo, na kwa miaka yote hiyo nimejifunza kwamba kuna swali linalotakiwa kutangulia: tutarudi vipi?

Mara ya kwanza sikuliuliza. Nilitoka ukumbini Kinondoni saa nane usiku, binamu yangu ameshaondoka, simu imezima. Nikamwambia kijana wa bodaboda, "Kaka, nipeleke Sinza." Akaniuliza, "Sinza ipi, dada?" Nikabaki nimeduwaa. Kumbe kuna Sinza Mori, kuna Makaburini, kuna Kijiweni, kuna Kumekucha, na kuna Kwa Remmy, kituo kinachobeba jina la mwanamuziki Remmy Ongala aliyeishi maeneo hayo. Tulizunguka mpaka nikalitambua duka la dawa lililo jirani na gesti yangu. Nimefika, geti lina kufuli na mlinzi kalala. Nilikaa nje karibu nusu saa, mkoba nimeukumbatia kifuani.

Kwa hiyo kabla hata hujaingia kuoga, andika kwenye karatasi jina la gesti, kituo cha karibu na kitu kinachoonekana kwa urahisi, kama msikiti, shule au kituo cha mafuta. Muulize dada wa mapokezi geti linafungwa saa ngapi, na uondoke na namba ya mlinzi. Simu ijae chaji. Usitegemee daladala wala mwendokasi usiku wa manane. Weka kando nauli ya bajaji au ya teksi ya kuita kwa simu, na hela hiyo usiiguse hata muziki ukikolea vipi. Ukifikia Kigamboni, nauli itapanda, maana gari litazunguka hadi darajani Kurasini. Bodaboda saa nane usiku mimi sipandi tena, na mtu aliyekunywa namsihi asipande kabisa.

Sasa tuje kwenye pa kwenda. Wageni wengi hukimbilia Masaki, kwenye taa na madisko yanayojaa baada ya saa sita. Nendeni, ni pazuri, ila vinywaji vya huko vina bei yake, na mwanamume mwenye kandambili na kaptula anaweza kurudishwa mlangoni. Lakini ukiwa na usiku mmoja tu Dar, ningekuomba uutumie kwenye muziki wa dansi. Ulizia wiki hiyo bendi zinapiga wapi, kwa sababu kumbi hubadilika na ratiba ya mwezi uliopita inaweza kukupeleka kwenye geti lililofungwa. Msondo Ngoma ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ikapita kwenye majina ya JUWATA na OTTU. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilizaliwa 1978. Hawa ni watani wa jadi, na marehemu Muhidin Gurumo, aliyefariki 2014, aliimba kote kuwili. Mashabiki wanazungumzia bendi hizi kama wengine wanavyozungumzia Simba na Yanga, kwa hiyo ukikaa meza moja na wazee, wasikilize kwanza kabla hujatangaza uko upande gani.

Fika mapema, saa tatu au saa nne, upate kiti na ule. Wimbo wa dansi huanza taratibu, mwimbaji anasimulia mambo ya ndoa, ya ulevi, ya ndugu wanaogombania mirathi, na watu wametulia wanafuatisha maneno kwa midomo. Halafu magitaa yanabadilika, tarumbeta zinaitikia, na ukumbi mzima unasimama. Niliwahi kumwona bibi mmoja amejifunga kanga juu ya gauni, akatoka mezani pole pole, akamfikia mwimbaji na kumbandika noti usoni, kisha akarudi kukaa bila kucheka na mtu. Kutuza ni heshima. Kwa hiyo chenji hela mchana, uwe na noti za elfu moja na elfu mbili, usije ukamwomba msanii akurudishie chenji.

Noti ndogo zitakusaidia na kwenye bili. Lipa kila kinywaji kinapoletwa. Ukiamua kulipa mwishoni, usiruhusu chupa tupu ziondolewe mezani, maana hizo ndizo hesabu yako. Saa saba usiku kumbukumbu yako na ya mhudumu hazitafanana. Hela ya kwenye simu ni nzuri, lakini mtandao ukigoma utabaki unaomba samahani kaunta. Na PIN usiibonyeze huku mtu amekuinamia.

Kwenye vinywaji nasema kwa uchungu, hasa kwa wadogo zangu wa kike. Chupa ifunguliwe mbele yako. Mwambie tu, "Dada, naomba uifungulie hapa," hakuna mhudumu mwenye nia njema atakayekasirika. Ukienda msalani na kuacha glasi, ukirudi agiza nyingine, hiyo iache ilivyo. Watu wamewekewa dawa na kuamka hawana simu, na wengine wamefanyiwa makubwa kuliko kuibiwa. Mtoke wawili na mrudi wawili. Usione aibu mbele ya wenyeji ukitaka soda usiku kucha, si lazima kunywa pombe ili kucheza.

Coco Beach ni ya jioni. Nenda na familia, mle mihogo ya kukaanga na mishikaki kwa pilipili, ila giza likiingia usitembee peke yako kwenye mchanga usio na watu. Msimu wa masika ulizia kama Jangwani kunapitika, kwa sababu mvua kubwa ikinyesha barabara ile huwa inafungwa na utakwama upande usio wako. Mwezi wa Ramadhani burudani hupungua sana, basi jiulize kama safari inaweza kusogezwa.

Namba ya polisi ni 112, ihifadhi kwenye simu. Ukiita teksi, soma namba ya gari na umwache dereva akutajie jina lako, usimtajie wewe. Kwenye bajaji pembeni pako wazi na wapo wanaokwapua wakiwa kwenye pikipiki, kwa hiyo mkoba ukae katikati yenu, na simu uitoe mkifika getini, umpigie mlinzi.