Jinsi ya kumchambua mlipa kisasi mwenye nafsi mbili

Nimeandika mwongozo huu baada ya kukaa na mwanafunzi mmoja hapa Tabora aliyepewa insha juu ya wazimu wa wahusika wa kisasi. Alikuwa ameshaandika "Hamlet ni kichaa" kwenye aya ya kwanza, akimaanisha mwanamfalme wa tamthiliya ya Shakespeare anayelipiza kisasi cha baba yake, akakwama hapo.

1. Soma tamthiliya nzima, si muhtasari wake. Toa kopi ya kurasa utakazochambua, ushike penseli. Kalamu za rangi sizipendi kabisa, maana kazi hii ina kufuta kwingi.

2. Pigia mstari kila mahali mhusika anapojisemesha kama mtu mwingine. Anza na Medea wa Euripides, mwandishi wa Ugiriki ya kale, tamthiliya iliyochezwa Athens mwaka 431 KK. Mumewe, Jason, amemwacha ili aoe binti wa mfalme wa Corinth. Medea anausihi moyo wake uwahurumie watoto, kisha anageuka na kuazimia kuwaua. Anakiri kuwa anajua ubaya wa anachokwenda kutenda, ila ghadhabu imemshinda. Nafsi imepasuka, akili ni timamu. Usimwite mwendawazimu.

3. Tenganisha wazimu wa kuigiza na wa kweli. Hatua hii ndiyo inayokula muda, usiikimbilie.

Kwa kila kauli ya Hamlet andika pembeni: nani anamsikia? Mapema kabisa anawaambia rafiki yake Horatio na mlinzi Marcellus kwamba huenda akajitia wazimu. Akiwa na Polonius, mshauri wa mfalme, anaropoka kwa nathari, yaani lugha isiyo ya mistari ya kishairi. Akibaki peke yake anarudi kwenye mistari ya kishairi, na hoja zake zinashikana. Lakini nathari peke yake si ushahidi. Anaitumia pia na waigizaji na mchimba kaburi, akiwa mzima kabisa.

Mzuka wa baba yake nao uangalie kwa makini. Mwanzoni walinzi na Horatio wanauona. Chumbani kwa Gertrude, mama yake, Hamlet anauona peke yake. Usiamue haraka kwamba hapo amerukwa na akili, kwani papo hapo anamwambia mama yake kuwa wazimu wake ni hila tu. Maiti ya Polonius, aliyemuua muda mfupi uliopita, bado imelala chumbani humo.

Sasa ruka hadi onyesho la mwisho. Anamwomba radhi Laertes, mtoto wa Polonius, akisema aliyemkosea si Hamlet bali ni wazimu wake, na kwamba Hamlet mwenyewe ni miongoni mwa waliodhulumiwa. Weka kauli hizo mbili, ya hila aliyomwambia mama yake na hii ya radhi, kwenye ukurasa mmoja. Kwa maoni yangu insha nzima inaweza kusimama juu ya mgongano huo.

4. Linganisha na Ophelia, binti wa Polonius, anayepata wazimu wa kweli: nyimbo, maua, hana hila yoyote.

5. Andika dai lako sasa, si kabla. Neno "kichaa" litumie pale tu unapoweza kutaja onyesho, msemaji na msikilizaji.