Somo: Kuijaribu Jetpack Compose ndani ya programu ya zamani

Tangu Google ilipotoa toleo la 1.0 la Jetpack Compose, maktaba ya kuunda skrini za Android kwa lugha ya Kotlin, mwezi Julai 2021, wasanidi wengi wa programu za Android wamekuwa na hamu ya kuijaribu, lakini programu zao zimekwisha kuwa kubwa na hawana muda wa kuziandika upya. Hakuna haja ya kufanya hivyo. Tutaingiza skrini moja tu, na nyingine zote zitabaki na XML yake, yaani mafaili ya zamani ya kupanga skrini.

Hatua ya 1. Chagua skrini ndogo yenye kitu kinachobadilika, kwa mfano fomu ya kuweka mchango wa kikundi. Ukurasa wa maelezo matupu hautakufundisha lolote.

Hatua ya 2. Washa Compose katika faili la Gradle (chombo cha kuunda programu) la moduli, kisha ongeza maktaba zake kupitia BOM, ambayo huchagua matoleo yanayopatana. Anayetumia Kotlin 2.0 au zaidi aongeze pia programu-jalizi ya kompaila ya Compose, yenye namba ileile ya toleo la Kotlin; zamani kupatanisha namba hizo kulikuwa kero ya kweli.

Hatua ya 3. Weka ComposeView, kijenzi kinachobeba Compose, katika faili la XML la skrini hiyo, kisha uiite setContent yake kutoka kwenye Activity au Fragment, yaani msimbo unaoendesha skrini hiyo.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye kazi, maana sintaksia huzoeleka upesi lakini namna ya kufikiri huchelewa kubadilika. Kwa njia ya zamani, msanidi hukitafuta kitufe kwa findViewById, kisha hukiamuru kiwake, kizime au kijifiche. Katika Compose hutoi amri: unaeleza skrini inavyopaswa kuonekana kwa kila hali, na hali ikibadilika, funksheni zinazoisoma huitwa upya. Katika fomu yetu, kiasi cha mchango kinatunzwa katika mutableStateOf, yaani hali ambayo Compose huifuatilia, na sifa ya enabled ya kitufe cha Tuma inapewa sharti moja tu, kwamba kiasi kizidi sifuri. Hakuna mstari mwingine wowote unaokiwasha wala kukizima. Usipoifunga hali hiyo kwa remember, inayoikumbuka kati ya miito, itaundwa upya kila funksheni inapoitwa, na mtumiaji ataona tarakimu anazoandika zikifutika. Android Studio hulionya kosa hilo, kwa hiyo usiupuuze mstari mwekundu.

Hatua ya 5. Pima kasi kwa toleo la kusambaza (release), katika simu dhaifu ya kweli. Toleo la majaribio (debug) huwa zito zaidi, na wapo walioihukumu Compose kwa kulitazama hilo peke yake.

Maswali ya wanachama

*Je, simu za zamani zitaikubali?*
Nyingi zitaikubali, kwa kuwa maktaba za Compose husafiri ndani ya programu yako wala hazisubiri simu isasishwe. Toleo la 1.0 lilianzia Android 5.0, ya mwaka 2014. Angalia kiwango cha chini cha toleo utakalotumia, kwani Google hukipandisha.

*Nimetumia remember, lakini nikizungusha simu kiasi kinapotea. Nimekosea wapi?*
Simu ikizungushwa, kwa kawaida Activity huundwa upya, na remember haivuki hapo. Tumia rememberSaveable, au uitunze hali hiyo katika ViewModel, kitunza data kinachobaki hata Activity ikiundwa upya, jambo ambalo ni bora zaidi ikiwa data inatoka kwenye seva.

*Kwa nini nisihamie Flutter moja kwa moja?*
Kama unaanza mradi mpya unaohitaji pia iPhone, Flutter, zana ya Google ya kuunda programu za Android na iPhone kwa pamoja, ni chaguo zuri, nami nisingekuzuia. Aliye tayari na programu ya Kotlin atalazimika kujifunza Dart, lugha ya Flutter, na kuandika upya mengi, ilhali Compose inamruhusu ahame skrini baada ya skrini.

*Nina kijenzi cha grafu nilichokiandika zamani. Nikitupe?*
Usikitupe. Kiweke ndani ya AndroidView, funksheni ya Compose inayobeba vijenzi vya zamani, na kila data inapobadilika ukipelekee thamani mpya kupitia kigezo chake cha update.