Namna ya Kupima Usahihi wa Transmita ya Presha katika Viwanda vya Tanga

Transmita ya presha, yaani kifaa kinachopima presha na kuipeleka chumba cha udhibiti kama mkondo wa umeme wa miliampia, ikisoma vibaya haifai kurekebishwa kabla ya kujulikana kwa nini inasoma vibaya, na jambo hili lina uzito zaidi Tanga, ambako upepo wa bahari huleta unyevu wenye chumvi, na viwanda vya saruji huongeza vumbi lake.

Pata kibali cha kazi, kisha mwombe mwendeshaji wa chumba cha udhibiti auweke mzunguko wa udhibiti unaotegemea transmita hiyo kwenye uendeshaji wa mkono. Vinginevyo vali inayoongozwa na mzunguko huo itafuata presha yako ya majaribio badala ya hali halisi ya mtambo. Funga vali ya kutenga, ile inayoitenganisha transmita na mtambo, toa presha iliyobaki taratibu, halafu unganisha pampu ya mkono na geji sanifu kwenye upande wa presha, na multimita ya miliampia kwa mfululizo kwenye waya wa mkondo.

Transmita ya baa 0 hadi 10 inapaswa kutoa miliampia 4 kwa baa 0, 8 kwa 2.5, 12 kwa 5, 16 kwa 7.5 na 20 kwa 10. Panda ngazi hizo, kisha ushuke, ukiandika kila namba kama ulivyoikuta. Wengi huiruka hatua hii, ilhali kwa maoni yangu ndiyo kazi yenyewe, kwani bila namba hizo hakuna atakayejua mtambo uliendeshwa kwa kipimo kilichokosea kiasi gani.

Ukiona kosa, kagua viungo vya nyaya kabla ya kugusa sifuri, yaani marekebisho ya usomaji wa mwanzo wa kipimo. Matone ya maji chini ya kifuniko, au ungaunga wa kijani kwenye ncha za shaba, huweza kuvujisha umeme kati ya terminali mbili na kuongeza mkondo, hivyo skrini ikaonyesha presha kubwa kuliko iliyopo. Kiungo kilicholika, kwa upande wake, huongeza ukinzani, na transmita iliyopungukiwa volti hushindwa kufika miliampia 20 ingawa chini inasoma sawasawa. Ukirekebisha sifuri katika hali hiyo, siku kiungo kitakaposafishwa kipimo kitakosea upande wa pili.

Safisha, kausha, badilisha mpira wa kifuniko, na uache waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia kwenye kifaa ili maji ya mvua yadondokee nje. Rudia vipimo, kosa likibaki, rekebisha sifuri kwanza, halafu upeo, yaani usomaji wa mwisho wa juu, na uandike namba mpya kando ya zile za mwanzo. Kabla mzunguko haujarudishwa kujiendesha, fungua vali taratibu na umwulize mwendeshaji anaona baa ngapi.