Mheshimiwa, vurugu zikianza usikimbilie jeshi: fanya hivi

Hii naandikia gavana, mbunge, waziri, hata rais kama kuna mtu anaweza kumfikishia. Mifano natoa hapa hapa kwetu Kenya manake tumeyaona na kila mtu ana vidio zake kwa simu.

Anza na hotuba ya kwanza, hapo ndio wengi huharibu. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliokuwa wanapinga ushuru mpya wa Mswada wa Fedha waliingia bunge, wengine wakapigwa risasi wakafa, na usiku huo Rais Ruto akatokea kwa TV akaita hayo mambo uhaini, jeshi nalo likaambiwa litoke. Kesho yake, mtu huyo huyo, akasema amesikia wananchi na Mswada wa Fedha hatautia saini. Sasa jiulize, hiyo ya Jumatano ingesemwa Jumatatu ni wangapi wangekuwa hai leo? Na si eti hawakuwa wamejaribu kulegeza, tarehe 18 walishaondoa kwa mswada huo VAT ya mkate na ule ushuru wa magari wa asilimia 2.5, lakini ukilegeza nusu nusu watu wanaona unawachezea, wanarudi barabarani wakiwa wengi zaidi. Kama utakubali, kubali mapema na ukubali yote.

Kwa hiyo hotuba taja waliokufa kwanza, kabla ya mali, kabla ya wawekezaji, kabla ya "sheria itachukua mkondo wake". Halafu useme utafanya nini na lini, tarehe kabisa. Usiite umati mzima wahalifu. Mwandamanaji analindwa na Kifungu cha 37 cha Katiba, aliyevunja duka la mtu ni mwizi, mshike na ushahidi umpeleke kortini ndani ya saa 24 kama sheria inavyosema. Ukianza kufungulia watoto wa watu kesi za ugaidi kama 2025, hata aliyekuwa amekaa kwake anatoka.

Polisi sasa. Najua utasema Inspekta Jenerali ako huru, hupaswi kumwambia nani akamatwe. Sawa, lakini mdomo wako unasikika hadi kwa askari wa mwisho kule kwa kizuizi. Julai 2025 rais alisema wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi ya mguu, sasa askari mwenye bunduki, moshi, mawe yanaruka, atapima mguu saa ngapi? Neno kama hilo usilitoe kabisa. Wewe sema hadharani kwamba kila aliyeuawa kesi yake iko IPOA, ile mamlaka huru inayochunguza polisi, na kila askari avae nambari na uso wake uonekane. Na zile pikipiki za vijana wenye marungu zilizoingia mjini Nairobi Juni 17, 2025 kupiga waandamanaji huku polisi wakiangalia, mambo ya kukodi watu hivyo wacha, manake siku hiyo hiyo muuza barakoa alipigwa risasi kichwani na askari, karibu kabisa, kamera ikiwaka. Hakuna msemaji wa serikali anayeweza kusafisha hiyo.

Kuzima matangazo pia ni kazi bure. Juni 25, 2025 stesheni ziliamriwa zisirushe maandamano laivu, korti ikasimamisha amri siku hiyo hiyo, na watu walikuwa wanaangalia kwa simu tu.

Mazungumzo fanya, ila usichague wewe vijana wa kuongea nao. Lile kongamano la kitaifa lililotangazwa na Ikulu 2024 wengi walilikataa mapema. Afadhali vile rais aliingia kwa mtandao wa X Julai hiyo akaulizwa maswali magumu bila kuchujwa, hapo nampa heko kidogo. Wenye maduka nao wape ofisi moja ya kuandikisha hasara, si kuzungushwa kutoka kaunti hadi wizara.

Halafu matanga, bana. Usitokee tu na msafara. Tuma mtu aulize familia kwanza, wakikataa lipa bili ya mochari kimya kimya bila kamera. Wakikubali nenda, keti na watu, na maikrofoni ikiletwa kwako, ipitishe kwa mama wa marehemu.