Kutoka Lushoto hadi Pangani kwa Baiskeli: Namna ya Kupanga Njia ya Milimani na ya Pwani

Mkoani Tanga, mwendesha baiskeli anayepanga safari kwa kuhesabu kilomita peke yake hupata hesabu isiyomfaa. Kilomita 33 za kutoka Mombo kwenda Lushoto, na kilomita zipatazo 50 za kutoka Tanga mjini kwenda Pangani, zote ni kazi ya nusu siku. Hata hivyo, njia ya kwanza huamuliwa na mwinuko na ya pili huamuliwa na upepo, na anayepima moja kwa kipimo cha nyingine ataishiwa nguvu mahali pasipo na kivuli. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuziunganisha njia hizo mbili katika safari moja, kwa baiskeli ya barabarani yenye giya.

Anzia Mombo. Mji huu uko chini ya milima ya Usambara, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha, katika kimo cha mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Lushoto inakaribia mita 1,400. Maana yake ni kwamba utapanda takriban mita 1,000 katika kilomita 33, yaani wastani wa mita tatu kwa kila mita mia. Wastani huo haupaswi kukupa kiburi, kwa kuwa barabara inayopinda ubavuni mwa mlima ina vipande vya kupumulia na vipande vinavyosimama ghafla mara tu unapotoka kwenye kona. Anayepanda kwa mwendo wa kilomita 11 kwa saa atatumia saa tatu, bila kuhesabu mapumziko, na huo ni mwendo wa heshima kabisa kwa mtu asiyeshindana. Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara tu kunapopambazuka, ili joto la Mombo likukute umeshafika juu.

Giya ndiyo inayoamua kama utafurahia mlima huu au utausukuma kwa miguu. Baiskeli ya mashindano iliyofungwa giya kubwa za tambarare haifai hapa. Tafuta sproketi ndogo ya mbele yenye meno 34, na sproketi kubwa ya nyuma yenye meno 32 au 34. Ingia kwenye giya nyepesi kabla ya mwinuko kuanza, si baada ya miguu kukwama, kwa sababu mnyororo unaobadilishwa ukiwa umebeba uzito wote wa mpandaji huruka au hukatika. Zungusha pedali kwa kasi iliyo sawa, ukae kwenye siti kwa sehemu kubwa ya njia, na usimame kwa muda mfupi tu pale mgongo unapohitaji kunyooshwa. Soni iko takriban katikati ya safari, na maporomoko yake ya maji yanaonekana kando ya barabara. Pumzika hapo, jaza chupa, ule ndizi, kisha uendelee kabla misuli haijapoa.

Kuteremka kunahitaji maelezo zaidi kuliko kupanda, ingawa wengi hukuchukulia kama zawadi. Hatari ya kwanza ni breki. Kwenye baiskeli yenye breki za raba zinazobana rimu, mtu anayeshikilia breki kwa dakika kadhaa bila kuachia huipasha rimu moto kiasi cha kuweza kupasua tyubu, na tairi la mbele likipasuka kwenye kona hakuna ustadi utakaokuokoa. Punguza mwendo kwa kubana breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, ziachie unapoingia, kisha rudia kona inayofuata, ili rimu zipate nafasi ya kupoa. Hatari ya pili ni gari linalopanda kutoka upande wa pili likiwa limekata kona. Kaa kushoto hata pale upande wa kulia unapoonekana mtupu, piga kengele kwenye kona isiyoonekana mwisho, na usilipite basi linaloteremka polepole, maana dereva hakuoni na abiria wanaweza kushuka wakati wowote. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua kubwa huweza kuleta udongo na mawe barabarani, na binafsi sioni sababu ya kuteremka mlima huu kwa tairi nyembamba katika miezi hiyo.

Lala Lushoto walau usiku mmoja. Wajerumani walioufanya mji huu mahali pa kulikimbia joto la pwani, wakauita Wilhelmstal, walijua walichokuwa wakikitafuta: kati ya Juni na Agosti asubuhi huwa na ukungu na baridi ya kweli, na mtu aliyepanda akitokwa na jasho huanza kutetemeka punde anapoteremka. Koti jepesi la kuzuia upepo na glavu za vidole vizima si mzigo wa bure. Njia nyingi zinazotoka Lushoto kwenda vijijini na kwenye maeneo ya kutazamia mandhari, Irente ikiwemo, ni za udongo na mawe, kwa hiyo ni afadhali uiache baiskeli mahali unapolala na uende kwa miguu.

Kutoka Mombo hadi Tanga mjini ni takriban kilomita 130 kupitia Korogwe, Segera na Muheza, na hapa nina msimamo: usiendeshe sehemu yote. Kati ya Mombo na Segera unagawana lami na mabasi yaendayo kasi na malori marefu, ukingo wa barabara si mpana kila mahali, na kwenye matuta na rasta magari hupunguza mwendo ghafla huku madereva wengine wakikwepea pembeni, ambako ndiko uliko wewe. Pakia baiskeli kwenye buti la basi mpaka Muheza. Patana na kondakta bei ya mzigo kabla ya kupakia, toa gurudumu la mbele, na ilaze fremu kwa upande usio na mnyororo, juu ya mizigo mingine na si chini yake. Kutoka Muheza, mji wa machungwa, kuna chini ya kilomita 40 hadi Tanga, na kwa ujumla barabara inashuka kuelekea baharini. Hata hapo, vaa kizibao kinachong'aa na uwe umefika kabla ya giza.

Tanga mjini ndipo mahali pa kurekebisha kila kitu. Ni mji tambarare uliozoea baiskeli, na mafundi wake ni wengi. Kumbuka tu kwamba wamezoea baiskeli za mizigo na za kawaida. Tyubu za baiskeli ya mashindano si rahisi kuzipata, na zile zenye mdomo mwembamba haziingii kwenye pampu ya fundi bila kipande kidogo cha shaba cha kuunganishia. Beba tyubu mbili, kipande hicho, viraka na solusheni, vyuma vya kutolea tairi, kiungo cha akiba cha mnyororo na pampu yako mwenyewe. Kuhusu tairi, upana wa milimita 32 unafaa kuliko 25 kwa safari hii, hasa kwa kuwa barabara ya Pangani imekuwa ikijengwa kwa lami miaka ya karibuni, na ni busara kuuliza hali yake kabla ya kuondoka.

Sasa upepo. Pangani iko kusini mwa Tanga, na pwani hii haina kilima cha kukukinga. Kuanzia Aprili hadi Septemba huvuma Kusi, ambao utakupiga usoni unapokwenda na kukusukuma unaporudi. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma Kaskazi, na mambo hugeuka. Upepo kutoka baharini huongezeka kadiri jua linavyopanda, na asubuhi na mapema huwa pametulia. Kwa hiyo, majira ya Kusi, toka Tanga alfajiri, fika Pangani kabla upepo haujashika, kisha rudi ukiwa nao mgongoni. Majira ya Kaskazi, kwenda ni rahisi hata ukichelewa, lakini kurudi mchana ni adhabu. Lala Pangani uondoke alfajiri, au panda basi. Mimi ningechagua mwishoni mwa Septemba, tangambili, yaani kipindi cha pepo kubadilika, inapokaribia, kabla ya mvua za vuli kukolea.

Njiani, simama Tongoni kutazama magofu ya msikiti na makaburi ya kale, kisha Kigombe, kijiji cha wavuvi ambako utapata maji na chakula. Katika joto la pwani, mwili huhitaji kati ya nusu lita na lita moja ya maji kwa saa, na maji matupu hayatoshi kwa anayetoka jasho muda mrefu: ongeza pakiti ya chumvi ya kuongeza maji mwilini, au dafu pamoja na kitu chenye chumvi. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, hivyo beba chakula chako na ukile faraghani. Bukta za kubana za waendesha baiskeli zivalie kaptura ndefu au suruali nyepesi unapoingia vijijini. Watu watakuelekeza njia kwa moyo mweupe zaidi ukianza kwa salamu na mavazi ya staha.

Ukifika Pangani utaukuta mto, na Bweni iko ng'ambo ya pili; kwa tairi za barabarani hapo panatosha kuwa mwisho. Usiiache baiskeli ikalala na chumvi ya bahari. Ioshe kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, bila kuelekeza maji kwa nguvu kwenye beringi, ifute, iache ikauke, kisha tia mafuta kwenye mnyororo, kwenye nyaya za breki na za giya, na kwenye skrubu zote zilizo wazi, kwa sababu kutu ya pwani huanza usiku huo huo.