Mkojo wa saa 24 kabla ya dawa ya iodini: tulivyoukusanya nyumbani

Mama yangu alipomaliza upasuaji wa saratani ya tezi ya shingo, daktari alimwandikia iodini ya mionzi, I-131, lakini akataka kwanza mkojo wa saa 24. Mama akauliza mkojo na koo vinahusiana nini. Vinahusiana sana. Zaidi ya asilimia 90 ya iodini tunayokula hutoka kwa njia ya mkojo, kwa hiyo mkojo ndio unaosema mwilini mmejaa kiasi gani. Chembe za tezi zilizobaki zikishashiba iodini ya chumvi na samaki, ile ya mionzi inapita bila kupokewa.

Kazi basi huanza jikoni, wiki moja au mbili kabla, na lengo ni chini ya mikrogramu 50 kwa siku. Kwetu Mombasa hapo pana mtihani. Chumvi ya dukani hutiwa iodini kwa sheria, na ya bahari pia usiitumie. Samaki, kamba, pweza, ngisi, dagaa, vyote vingoje. Acha maziwa, kiini cha yai, na mkate wa dukani. Mabuyu mekundu nayo tuliyaweka kando, kwani rangi iitwayo eritrosini ina iodini ndani yake, na huwezi kujua muuzaji ametia rangi gani. Mama alikula wali wa tui tulilokamua wenyewe, sima, maharagwe, mchicha, na nyama kidogo ya ukwaju, ndimu, kitunguu saumu na pilipili. Chai ilikuwa strungi ya tangawizi.

Sasa mkojo wenyewe. Chagua siku ambayo hutoki. Tuseme unaanza saa moja asubuhi: nenda chooni, mkojo huo wa kwanza umwage, kisha andika saa kwenye dumu la maabara. Kuanzia hapo kila tone liingie dumuni, mchana na usiku. Kesho yake saa moja kojoa tena, na huo wa mwisho uutie ndani.

Kwa mama tulinunua jagi la plastiki lenye mdomo, safi na kavu, la kazi hiyo tu. Kinga mkojo kwanza, ndipo uchambe. Maji yakiingia yanaufanya mkojo mwepesi na kipimo cha kwa lita kitadanganya. Ukisikia haja kubwa, kojoa jagini kabla. Usijipanguse kwa dawa ya vidonda ya rangi ya kahawia, kwani nyingi zina iodini. Kwa joto letu, dumu likae kwenye friji ndani ya mfuko mweusi, mbali na chakula, au kwenye ndoo ya barafu.

Ukikosa kukinga hata mara moja, usiku ukiwa na usingizi, sema na uanze upya. Nalisisitiza hili kwa sababu watu hunyamaza kwa haya. Mkojo uliopotea hupunguza jumla, na mgonjwa huonekana tayari kumbe bado.

Wengine hupimwa mkojo wa mara moja tu, ukilinganishwa na kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo. Fuata ulichoandikiwa, na uliza mapema majibu huchukua siku ngapi, ili yasije baada ya siku ya dawa. Vidonge vya tezi usiviache kwa uamuzi wako.

Kwa saa 24, chini ya mikrogramu 50 ni vizuri sana, na madaktari wengi hukubali hadi 100. Ya mama ilizidi mno kiwango hicho, ingawa jikoni hatukuteleza. Daktari akauliza kama alipigwa CT, ile picha ya ndani ya mwili, ya kudungwa dawa ya mshipa. Alipigwa, katika kituo kimoja hapa mjini, na hakuna aliyemwambia kwamba dawa ile imejaa iodini. Kwa kawaida husubiriwa mwezi mmoja hadi miwili. Amiodaroni, dawa ya moyo, hudai miezi zaidi. Tarehe yake ikasogezwa, akapimwa tena. Andika tarehe ya kila CT kwenye kadi ya kliniki, na uionyeshe kabla hujapewa dumu.